Mgeni Asiye na Namba

Meseji ya kwanza iliingia Jumanne, saa nne asubuhi, ikiwa na neno moja tu: HODI. Hilo halikuwa la ajabu. La ajabu lilikuwa mahali pa namba ya simu. Palikuwa patupu.

Shadiah alisogeza uso kwenye kioo cha kompyuta, akakifuta kwa ncha ya mtandio wake, akatazama tena. Kwa miaka miwili aliyokaa kwenye kiti kile, kila meseji iliyoingia ilikuja na namba yake, hata zile za wanaume wasio na kazi waliotaka kujua kama ameolewa. Hii haikuwa na kitu. Kabla hajaamua la kufanya, mashine ikajibu yenyewe kama ilivyofundishwa: *Karibu. Tuandikie jina lako, kijiji chako na shida yako.*

Ofisi ilikuwa ya chumba kimoja, ndani ya ua wa zahanati ndogo katika Divisheni ya Industrial mjini Mbale, ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga mahindi. Kutoka chumba hicho mradi wa afya ya wazazi ulituma meseji kwa akina mama mia tatu na arobaini, kuanzia Busiu mpaka Buwenge kule upande wa Jinja. Kesho ni siku ya kliniki. Usisahau vidonge vya damu. Lala ndani ya neti, wewe na mtoto. Mwanamke akishikwa na uchungu, aliandika neno UCHUNGU akalituma, na Shadiah akampigia dereva wa pikipiki wa eneo lile aende kumchukua. Basi, kazi yote ilikuwa hiyo. Lakini kuna watoto wanaotembea leo kwa sababu ya neno hilo moja, na Shadiah, ambaye kwa mambo mengine hakuwa na majivuno, kwa hilo alijivuna waziwazi.

Neno Karibu lilikuwa lake yeye. Jibu la Luganda na la Lumasaba waliandika wengine, nao waliandika tu kwamba meseji imefika. La Kiswahili lilikuwa na kazi ya ziada, maana akina mama wengi wa huku wakisikia Kiswahili wanakumbuka askari, bunduki na kuambiwa kaa chini. Shadiah aliandika mara ya kwanza: *Ujumbe umepokelewa. Taja jina. Taja kijiji. Taja shida.* Sista Eseza, mkuu wa zahanati, aliisoma akamtazama juu ya miwani. "Shadiah, hii ni kliniki au ni kizuizi cha barabarani?" Shadiah alicheka mpaka akaona haya. Kwao, nyumba ya wafanyabiashara wa Kiislamu, Kiswahili kilikuwa lugha ya chai na wageni. Akalainisha maneno, akaweka Karibu mbele. Kila mtu alilipenda.

HODI, ikaja mara ya pili. *Karibu*, ikajibu mashine.

HODI, mara ya tatu. *Karibu.*

Kisha mgeni akajibu alichoulizwa, kwa utaratibu kabisa, kama mtu anayejaza fomu:

*Jina: Mgeni. Kijiji: Hapa. Shida: Sina mtoto.*

Shadiah akaguna. Watu wana nafasi ya kuchezea, alijisemea, akaendelea na kazi. Nyuma yake kiti cha plastiki cha wageni kikalia kwa uzito, kikanyamaza. Aligeuka. Hakukuwa na mtu.

Saa saba alitoka kununua chapati. Getini alikuwepo Conrad, mlinzi, mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini, mrefu, mwenye kovu shavuni na mwandiko mzuri kuliko wa daktari yeyote. Conrad hakuruhusu hata mbuzi aingie bila kuandikwa: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka.

"Madamu," akamwita, kalamu mkononi. "Ile mama natoka saa ngapi? Kitabu yangu nabaki wazi."

"Mama gani, afande?"

"Ile ya gomesi ya kijani, nguo yake refu nafika chini. Mimi nauliza yeye jina, yeye nasema, 'Wamenikaribisha mara tatu.' Basi mimi naandika: Mgeni. Saa nne na robo. Yeye naenda kwako moja kwa moja."

"Afande, leo sijapata mgeni."

Conrad akamtazama, akakitazama kitabu. Akapunguza sauti. "Madamu, mimi nakaa jeshi miaka ishirini na mbili. Mtu naingia, mimi naona. Mtu natoka, mimi naona. Ile mama hapana toka."

Shadiah alirudi ofisini bila chapati. Chumba kilikuwa kinanuka tope la mto, lile tope jeusi la chini linalochimbuliwa wakati wa kiangazi, na juu yake harufu ya ubani, nzito na tamu, ya nyumba iliyo na mama aliyejifungua. Alifungua madirisha yote mawili. Unga wa mahindi ukaingia kutoka kwa jirani, harufu haikutoka.

Hapo ndipo alipomkumbuka Bushira, na sitasema alijua kwa nini. Bushira alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, ameolewa Buwenge, na jina lake lilikuwa kwenye orodha kwa mkono wa Shadiah mwenyewe. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia. Ya kwanza alilia, ya pili hakulia kabisa, na hilo la pili ndilo lililomtisha Shadiah. Hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa tisa, mtoto anacheza vizuri, zimebaki siku. Hakuna swala aliyoswali Shadiah tangu Ramadhani bila kumwombea mtoto yule.

Jumatano ilipita nusu yake salama. Adhuhuri alitandika mswala kwenye kona kama siku zote, mgongo kwa kompyuta, akanuia. Alikuwa kwenye rakaa ya pili aliposikia kibodi.

Mwanzoni ilikuwa herufi moja moja, tak, tak, kama mtu mzima anayejifunza, kisha zikashika kasi, na Shadiah aliyekuwa amesimama mikono kifuani akajua kwamba mlango ameufunga kwa ndani, kwamba funguo ziko mfukoni mwake, kwamba hakuna anayeweza kuwa amekaa kwenye kiti chake, na bado kiti kile kilikuwa kikizunguka kidogo kwa mlio wake ule ule anaoujua, na harufu ya tope ikawa karibu sana, ikamfika shingoni pamoja na ubaridi wa nguo iliyoloa, naye akarukuu, akasujudu, paji la uso limegusa mswala na macho ameyafumba, huku akisikia nyuma yake mtu anavuta pumzi ndefu ya kuridhika, pumzi ya mwanamke aliyetua mzigo kichwani, na vidole havisimami, vinaandika, vinaandika, mpaka alipotoa salamu kulia, na alipotoa salamu kushoto kukawa kimya.

Kiti kilikuwa kimelowa. Kwenye kioo, meseji mia tatu na arobaini zilikuwa zimetumwa, na kila moja ilikuwa na jina lake yeye, Shadiah, kama mtumaji.

*Mama, mgeni wetu anapita kukuona. Akipiga hodi, mkaribishe.*

Sista Eseza hakuwa mtu wa majini. Alizaliwa kwenye nyumba ya mchungaji, akasomea uuguzi, na kwake kila kitu kilikuwa ama kijidudu ama uzembe. "Mtu ameiba neno lako la siri," akasema. "Tuma nyingine ya kuikanusha, halafu ubadilishe."

"Sista, tuzime kwanza. Tuzime mpaka tujue."

"Tukizima, mwanamke akishikwa na uchungu Busiu leo jioni anamwandikia nani? Wewe utamsikia kutoka hapa?"

Hapo Sista alikuwa na haki, na Shadiah alijua. Akakaa kwenye kiti kilicholowa, akaandika: *Hatujamtuma mgeni yeyote. Msimfungulie.* Akasoma mara tatu. Akatuma.

Alhamisi asubuhi simu ya ofisi ikalia.

"Nyabo, mimi Nabifo, wa Busiu." Nabifo alikuwa amejifungua mtoto wa kiume mwezi uliopita. Alizungumza kwa kunong'ona, mtu anayeogopa kusikika ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Huyu mgeni wenu. Mimi nilimkaribisha vizuri, mkeka nikatandika. Sasa yeye naondoka lini?"

Shadiah akashika ukingo wa meza. "Nabifo, hukupata meseji yetu ya pili?"

"Nilipata. Iko hapa. Nasema, 'Tumemtuma mgeni. Mfungulieni.'"

Kukana kulikuwa kumeondolewa, mwanzo na mwisho. Mengine yote yalikuwa maneno yake.

"Yuko wapi sasa?"

"Simwoni, nyabo. Nilimwona mlangoni tu, gomesi ya kijani, imelowa chini. Lakini kitanda ya mtoto nalowa mchana yote. Mimi naanika, yenyewe nalowa tena. Nanuka mto."

"Na mtoto? Yuko hai?"

"Yuko hai. Nanyonya. Hapana lia. Tangu jana hapana lia hata kidogo. Yeye naangalia ile kona, nacheka. Nyabo, mtoto ya mwezi moja najua kucheka na mtu?"

Shadiah alimwambia amchukue mtoto aende kwa mama yake, asimwache chini hata dakika moja. Alipoweka simu, meseji ilikuwa inamngoja kwenye kioo. Mahali pa namba palikuwa patupu.

*Wa Nabifo ni mzuri ila ana wenyewe wengi. Wa Bushira anakuja lini?*

Shadiah alipiga kelele. Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma, hakuna aliyemsikia. Akaikamata simu yake ya mkononi akampigia mdogo wake, na Bushira alipoitika, kwa sauti yake ile nyembamba ya uvivu wa mimba, Shadiah alimeza machozi akatengeneza sauti ya kikazi.

"Bushira, fungasha. Nenda Jinja leo, hospitali, ukalale wodini mpaka ujifungue."

"Kuna nini, dada? Uchungu bado."

"Hakuna kitu. Sista amesema mtu aliyeharibikiwa mara mbili asisubiri nyumbani."

"Kale, dada, nitakwenda," akasema Bushira. "Unanitisha wewe, bambi."

Wodini hakuna mlango wa kupiga hodi, ndivyo Shadiah alivyofikiri. Watu wanaingia na kutoka kutwa. Kuna taa, kuna wauguzi, kuna wake za watu ishirini wanaokoroma. Alijipa moyo kwa hilo, akamuaga Conrad, akaenda mtaa wa Namakwekwe kwa Hajati Rashidah.

Hajati alikuwa anauza viungo barazani, binzari na iliki kwenye vikopo, na nyuma ya vikopo alikuwa na Msahafu na sifa ya kutoa vitu ndani ya watu. Alikuwa mnene, mkali, hapendi hadithi ndefu. Alimsikiliza Shadiah huku akipima iliki za mteja.

"Alipiga hodi mara ngapi?"

"Tatu, Hajati."

"Nani alijibu?"

"Mashine."

"Maneno ya nani?"

Shadiah akainamisha kichwa. "Yangu."

Hajati akaweka kikopo chini. "Basi sikiliza. Jini aliyevamia tunamsomea, tunamchoma, anatoka akilia. Huyu hakuvamia. Amesimama nje kwa adabu, ameomba, mmempa. Huyo ni mgeni wako, mwanangu. Nikija kumfukuza mimi, anakuwa amedhulumiwa, na aliyedhulumiwa anachagua cha kuchukua. Mgeni hafukuzwi. Mgeni anaagwa, na aliyemkaribisha ndiye anayemsindikiza."

"Kumsindikiza wapi?"

"Ananuka nini?"

"Mto."

"Basi mtoni. Kesho, baada ya Alasiri. Ondoa hilo neno kwenye mashine yenu kwanza. Simama mbele ya kiti chake, mwambie safari njema. Tembea naye polepole, usimtazame, usimkate maneno kwa ukali. Simu usiishike mpaka aage. Atajaribu kukaa, usikasirike. Na akishafika na kuaga," Hajati akanyoosha kidole, "mwambie kwaheri, ufunge mdomo. Nawajua. Mgeni akiaga, ulimi unakimbilia kusema karibu tena. Ukilitamka hilo, wewe au mtu wa damu yako, umempa mlango usiofungwa. Siku hiyo hatapiga hodi."

"Nimeelewa."

"Mdogo wako naye aambiwe. Leo."

"Nitamwambia, Hajati."

Hakumwambia. Alikaa kitandani usiku ule na simu mkononi, jina la Bushira limewaka mbele yake, na hakuweza. Utamwambiaje mwanamke wa mimba ya tatu kwamba kuna kitu kinauliza mtoto wake anakuja lini? Hofu peke yake inaweza kuitoa mimba, alijisemea. Meseji ingegeuzwa maneno. Na kesho jioni mambo yatakuwa yamekwisha. Nitamwambia akishajifungua, tutacheka. Akazima simu, na kwa kweli alijiona amefanya wema.

Ijumaa, baada ya Alasiri, alifuta Karibu kwenye jibu la mashine. Sista Eseza alimwona, hakuuliza. Tangu jana hata yeye alikuwa anapita mbali na chumba kile, na pua ameiziba kwa kitambaa.

Shadiah akakigeukia kiti cha plastiki. "Mgeni wangu," akasema, akarekebisha mtandio, akaanza upya. "Mgeni wangu, umekaa, tumeonana. Twende nikusindikize."

Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha kiti kikalia, kwa namna ya kiti mtu anaponyanyuka, na kitambaa kizito kikapapasa sakafu.

Getini Conrad alisimama wima. Alitazama kitu kilichokuwa kando ya bega la kushoto la Shadiah, jasho likamtoka kwenye kovu, akafungua kitabu akaandika kwa mwandiko wake mzuri: ametoka, saa kumi na dakika arobaini. Akapiga saluti. Hakusema neno, maana alikuwa ameonywa, na Conrad alijua kutii amri.

Walishuka kuelekea mto Namatala. Ilikuwa saa ya watu, wafanyakazi wanatoka viwandani, wanawake wanauza nyanya kando ya barabara, na mmoja wao aliyemjua Shadiah akamwita, akacheka, "Leo unaongea na nani, Shadiah?" Akaendelea kutembea. Vumbi la barabara lilikuwa kavu, na kila alipopiga hatua, kando yake palijitokeza alama ya unyayo iliyolowa, ndogo, ya mwanamke, vidole vimeelekea mbele kama vyake.

"Mama hajambo?" ikauliza sauti. Ilikuwa sauti nzuri. Hilo ndilo lililomtia baridi.

Mama yao alikuwa kaburini mwaka wa sita. "Hajambo," akasema Shadiah.

"Na kazi?"

"Nzuri."

Mfukoni simu ikatetemeka. Akaiacha.

"Umepigiwa simu," ikasema sauti, kwa upole.

"Watapiga tena."

Simu ikatetemeka tena, ikaacha, ikatetemeka mara ya tatu, na Shadiah akatembea akiwa amekaza meno kwa sababu alijua, kama mtu anavyojua mkono wake uko wapi gizani, kwamba ni Bushira, kwamba yuko peke yake wodini na uchungu umemshika na anamtafuta mtu wa kwao, na miguu yake mwenyewe ikawa mizito kwa hamu ya kusimama, atazame tu jina, jina tu, huku unyayo ule wa pembeni ukipunguza mwendo kila alipopunguza yeye, ukimngoja kwa subira yote ya mgeni mwema, mpaka akafika mahali barabara inapoteremka, akasikia maji, akasikia harufu ile sasa ikitoka mahali pake pa haki, akashuka kwenye nyasi mpaka ukingoni.

"Na mdogo wako hajambo?"

"Hajambo."

"Na mtoto?"

Shadiah akayatazama maji ya kahawia. "Mtoto ana mama yake," akasema.

Upande wa pili mwanamume alikuwa anaosha pikipiki yake, akipiga mluzi.

"Haya," ikasema sauti mwishowe. "Umenisindikiza vizuri. Wengine hawasindikizi. Kwaheri."

Neno likamfika Shadiah mpaka kwenye meno. Miaka thelathini na minne ya malezi mema ilikuwa inalisukuma kutoka ndani. Akauma ulimi, akaonja damu.

"Kwaheri," akasema.

Nyayo zikaingia majini, moja, mbili, maji yakatulia. Harufu ya ubani ikaondoka kana kwamba mtu ameifunika kwa sufuria.

Alikaa kwenye nyasi. Simu ikalia, naye akaipokea bila kuangalia, na ilikuwa Nabifo, anapiga kelele, na nyuma ya kelele zake kulikuwa na kelele nyingine, kali, za hasira. "Nyabo! Sikia! Nalia! Mtoto nalia, sikia!" Shadiah alicheka na kulia kwa pamoja. Alimsikiliza mtoto yule kwa dakika nzima na hakuwahi kusikia kitu kitamu zaidi.

Kisha akasoma meseji. Zilikuwa tatu, zote za Bushira, ya kwanza ya tangu mchana, alipokuwa hagusi simu. *Dada nimeshikwa.* Halafu: *Dada mbona hupokei.* Halafu: *Msichana. Mzima. Alhamdulillahi.*

Akampigia huku anapanda mteremko, machozi yanamziba macho.

"Dada!" Sauti ya Bushira ilikuwa imechoka na ina furaha ambayo Shadiah hakuwa ameisikia tangu siku ya harusi yake. "Umeona? Ana nywele nyingi kama mama! Na wala halii, katulia tu, ana macho makubwa. Wauguzi wanamshangaa."

"Nisamehe sikupokea. Nitakueleza yote. Nakuja kesho asubuhi."

"Usijali, dada. Nilijua huwezi kuniacha hivi hivi. Mgeni wako amefika."

Shadiah akasimama katikati ya barabara. Pikipiki ikampita ikipiga honi.

"Mgeni gani?"

"Yule mama wa gomesi. Amesema anatoka kwako, umemsindikiza mpaka mtoni, amechoka bambi, maskini, miguu yote tope. Kambeba mtoto, kamwimbia. Ana adabu, dada! Hakukaa sana. Ameniaga sasa hivi tu, anatoka mlangoni."

"Bushira." Akaibana simu sikioni. "Alipokuaga, ulimwambia nini?"

Bushira akacheka, cheko la mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Sasa dada, mtu ametoka Mbale mpaka Jinja kuja kumwona mwanangu, nimwambie nini? Nimemwambia karibu tena."